Miezi Minne kwa Wasanii na Sijaharibika

Kwa Mama Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi,
Jengo la Zamani la Kiwanda cha Sabuni.

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

YAH: KUTOHARIBIKA KWANGU

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na vikaragosi vyako vya maonyesho vizima. Mimi ni mkazi wa chumba namba tisa, ghorofa ya pili, yule ambaye wenzangu humwita Bwana Stoo kwa sababu ya kazi yangu ya kutunza stoo ya mabomba kwenye idara ya maji, kazi niliyoifanya miaka ishirini na moja bila kupoteza hata koki moja. Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa masikitiko.

Kwanza nieleze nilivyofika hapa. Tangu wazazi wetu watutoke nimeishi kwa dada yangu mkubwa. Ni mtu mwema sana, ila nyumbani kwake viatu hupangwa kwa urefu, redio huzimwa taarifa ya habari ikiisha, na mtu mzima wa miaka arobaini na saba huulizwa anakokwenda. Nilipomwambia nimepata chumba kwa wasanii, kodi nusu ya ile ya mtaani kwetu, alikaa kitako akasema, "Mdogo wangu, wale watu watakuharibu."

Sitakuficha, Mama Mwenyekiti. Nilihama kesho yake asubuhi.

Sasa ni miezi minne, na sijaharibika hata kidogo. Wanaohusika, pamoja na kikao kimoja, ni hawa:

1. Mchongaji wa chumba namba nane. Nilitarajia mtu mwenye nywele timutimu, anayelala mpaka adhuhuri. Huyu huamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, akafagia korido nzima, na ukutani amebandika zamu za ufagio alizozipiga mistari kwa rula. Siku yangu ya tatu alinigongea mlango akaniambia, "Ndugu, leo ni wewe. Na kona usizisahau." Nilifagia nikidhani ni sanaa. Nilipomaliza alinionyesha vumbi nililoliacha.

2. Mshairi. Kwa ajili yake nilihamia nikiwa na pakiti mbili za karatasi laini za kufutia machozi. Kumbe ana mke, muuguzi, wana miaka kumi na tisa ya ndoa na huchekeshana wakianua nguo. Nilimuuliza kwa upole huzuni yake iko wapi. Akanijibu kwamba huzuni anayo, lakini huifanyia kazi kuanzia saa tatu mpaka saa sita, na ikifika mchana anakuwa ameshamaliza.

3. Mchoraji wa juu kabisa, chini ya bati. Nilimwomba anichore kisasa, yaani jicho likae shavuni na mtu asinitambue. Alichukua wiki mbili. Picha ile inafanana nami kuliko ninavyofanana mwenyewe. Imeonyesha mpaka kifungo kilichodondoka kwenye kola, na mchoraji akaniambia nikishakishona nirudi aipake upya sehemu hiyo. Nimeitazama sana. Ni sura ya mtu anayelala vizuri.

4. Bendi ya chini. Hawa ndio niliokuwa nimewategemea. Hufanya mazoezi saa tisa mpaka saa kumi na moja alasiri, kisha hufunika ngoma kwa blanketi kwa sababu chumba namba tatu kuna mtoto mchanga. Niliwaandikia kikaratasi kuwaomba wanisumbue kidogo. Walikisoma haraka haraka, wakapanda ngazi wote watano kuniomba radhi, na tangu siku hiyo wamepunguza sauti.

5. Mkutano mkuu wa mwezi uliopita, ambao wewe mwenyewe uliuongoza. Nilisimama nikapendekeza zamu za ufagio zifutwe, kwa kuwa sanaa na ratiba haziivi chungu kimoja. Wakazi walinisikiliza kwa utulivu, wakapiga makofi, wakasema hawajawahi kumsikia mtu akizungumzia usafi kwa uchungu namna ile. Nikachaguliwa Katibu wa Usafi kwa kura zote, ikiwemo yangu, maana niliinua mkono nikiamini tunafunga kikao. Wahenga walisema juu ya kuruka majivu na kukanyaga moto. Mimi niliyaruka majivu vizuri tu, kisha nikapewa kazi ya kuyazoa.

Hayo yote ningeyameza. Lakini dada ameleta ujumbe kwamba Jumapili saa nane mchana atakuja kuona nilivyoharibika, na ukoo mzima unasubiri taarifa. Kosa ni langu kwa kiasi fulani. Kila aliponipigia simu nilijibu kwa sauti ya uchovu, "Dada, huku maisha ni mengine." Sasa akikuta ngazi zinang'aa, na mdogo wake kashika daftari la zamu, atanirudisha jioni ileile kwa hoja kwamba kufagia ningeweza kufagia kwake. Hoja hiyo nimeigeuza upande huu na upande huu. Kila upande iko sawa.

Na kurudi sitaki. Hapa hakuna anayeniuliza ninakokwenda. Huniuliza nilikotoka, halafu hukaa chini kusikiliza. Juzi nimemsimulia mshairi habari za koki kwa nusu saa, na yeye ndiye aliyeniomba niendelee.

Kwa hiyo naomba kamati iagize utekelezaji wa Ratiba ya Vurugu, Jumapili, saa nane hadi saa kumi. Nimeambatanisha nakala tatu. Kwa kifupi: saa nane kamili mshairi alie kwenye ngazi bila viatu, na mkewe ampite bila kumsemesha. Saa nane na robo mchongaji aulaani ulimwengu na kutupa patasi, ambayo iokotwe papo hapo isije ikaumiza mtu. Saa nane na nusu bendi ipige wimbo usio na mwisho, uishe saa tisa kasoro dakika kumi. Mchoraji apite korido akiwa amejipaka rangi usoni. Iwe rangi ya maji, kwa sababu ya sakafu. Saa kumi kila mmoja afagie sehemu yake.

Natanguliza shukrani. Nisalimie vikaragosi, hasa yule hakimu mwenye sikio moja, na mama wa mtoto wa namba tatu, na yeyote utakayekutana naye bombani.

Ni mimi, mkazi mwenzako, mtiifu kuliko nilivyokusudia,
Bwana Stoo, chumba namba tisa.

Imepokelewa na kugongwa mhuri na Katibu wa Usafi, kwa kuwa barua zote zinazohusu ngazi na korido hupitia kwangu.

Nyongeza, Jumatano: Barua hii ilichelewa mezani kwangu ikisubiri foleni. Dada alikuja Jumapili na hakuna aliyelia. Alipitisha kidole kwenye reli ya ngazi, akakitazama, akaketi. Nikaanza kukunja nguo zangu. Saa tisa bendi ikaanza. Mpiga ngoma alimuuliza kama angependa kujaribu, akasema hapana, kisha akasema kidogo tu. Mama Mwenyekiti, hajaondoka mpaka leo. Amechukua kitanda changu, mimi nalala sakafuni. Anapiga ngoma saa nne asubuhi, mshairi akiwa katikati ya huzuni. Karatasi ya zamu ameibandua ukutani akaikunja kofia, na mchongaji, badala ya kukasirika, amemwomba amtengenezee na yeye. Naiondoa Ratiba ya Vurugu. Badala yake naomba kamati itoe onyo kali la maandishi kwa mgeni wa chumba namba tisa. Tafadhali liandikwe na mtu mwingine. Mwandiko wangu anaujua.