Mfuko Uliowapisha Kulungu

Jumatatu, 14 Oktoba
Bibi Effie, kiongozi wa wawindaji wetu, amekubali! Wiki hii nakwenda kuwinda kulungu wa kaskazini, wale wanaohama kwa makundi thelujini. Kila mwaka mimi hubaki ofisini kwa baraza la kijiji nikigonga mihuri, wenzangu wakirudi na nyama. Sharti lake moja: nikilalamikia baridi, nisiombe tena. Mimi hulalamikia baridi hata jikoni kwa mama. Lazima nipate mfuko wa kulalia wa kutisha.

Jumanne, 15 Oktoba
Binamu Lawrence, muuza duka, alinionyesha mfuko mwembamba kama wake. Eti unatosha. Anataka nife! Nikachagua mkubwa kuliko yote, wa manyoya ya bata bukini. Ulivyofunguliwa ulifura kama unga wa mkate uliotiwa hamira. Nikavua kofia kwa heshima. Lawrence akauliza: "Percy, hiki kitanda au nyumba? Mkeo atalala chumba gani?" Sijaoa. Anajua.

Alhamisi, 17 Oktoba
Tumepiga kambi bondeni. Mfuko ulijaza sleji yetu ya kuburuta mizigo thelujini, jiko la Lawrence likabaki nyumbani. Hemani nao ukiingia, watu wanatoka. Basi nitalala nje. Bibi kaniambia nivue koti kabla ya kuingia, na nisipumulie ndani. Nivue koti! Nimevaa yote niliyonayo, na nitajifunika gubigubi.
Ametuonya pia: kundi likitokea, wa mbele wasishtuliwe hata kidogo. Wapite. Wakigeuka hao, wote watageuka, na kijiji kitakosa nyama majira yote ya baridi.

Ijumaa, 18 Oktoba
Ee Mungu wangu. Jasho lilinilowesha, pumzi yangu ikaganda kwenye zipu. Kulipokucha mfuko ulikuwa mgumu kama mtumbwi, nami ndani yake. Nje, jicho moja tu. Nikavuta pumzi nipige mayowe.
Hapo nikawaona. Mlima ulikuwa unatembea! Miguu yao ikialika, ta, ta, ta, mvuke umewafunika kama wingu. Wa mbele, jike mzee, akasimama juu yangu. Akaninusa jichoni. Pumzi yake ilikuwa ya joto. Mayowe yakaniishia kooni. Nikasahau baridi, nikasahau hata jina langu. Akaniruka. Wenzake wakanipita kushoto na kulia kama mto, na mimi jiwe. Sikujua kama duniani kuna kitu kama hiki.
Baadaye sana, bunduki zikalia huko nyuma ya kundi.
Bibi alinifungua kwa kumwagia zipu chai ya moto. "Mjukuu wangu, hukutikisa hata ukope! Nani kakufunza?" Nikajibu kwamba ni subira tu.

Jumapili, 20 Oktoba
Nyama kila nyumba. Bibi anataka niende tena wiki ijayo, nilale palepale njiani mwa kundi. Eti nina kipaji. Lawrence kaniachia mfuko wake mwembamba mlangoni. Nimeurudisha. Kasoro ya wangu nimeshaijua: ni mdogo. Nimeagiza wa watu wawili. Na koti la pili la kuvalia ndani.