Wiki Hii Tunafunga

Jumatatu, 7 Julai

Kocha mpya ameanza kazi. Nimeambiwa tu, sijaona. Nilifika uwanjani asubuhi, mtoto mgongoni, nikakuta geti limekomewa na mlinzi amesimama kama aliyezaliwa pale. Ubavuni mwa geti, ubao wa chaki: WIKI HII TUNAFUNGA. Chini yake: KOCHA. Basi.

Nikamuuliza mlinzi maana yake nini. Akasema yeye kaajiriwa kulinda, si kufasiri.

Nikapita kwa kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki. Kibanda kimejaa, anayenyolewa mmoja. Kinyozi alikuwa na furaha hata akamwacha mteja na nywele upande mmoja. Anasema hatimaye tumepata mtu, wiki nzima ni mazoezi ya kufunga mabao, hakuna kingine. Msimu uliopita tulifunga mabao tisa, na hapo tumehesabu mawili tuliyojifunga. Mshambuliaji wetu, namba tisa, tunamwita Karibu. Kila mechi ni karibu afunge.

Habari kubwa lakini ni hii. Klabu imetaka kila tawi litoe mjumbe mmoja. Mjumbe anavaa kitambulisho shingoni, anaingia mazoezini na mechini msimu mzima, anakaa jukwaa la kivuli. Jumamosi, baada ya mechi ya kirafiki, anamuuliza kocha swali kwa niaba yetu. Kura Alhamisi.

Mtoto ana miezi minane. Nami nina miezi minane sijakanyaga jukwaa. Nakitaka kitambulisho kile.

Mama Pacha naye anakitaka. Pacha wake wana miaka sita, wanavaa viatu wenyewe. Shemeji yake ndiye dobi wa jezi za timu, kwa hiyo habari za klabu anazipata zikiwa bado mbichi. Mimi chanzo changu cha habari ni Mama Pacha.

Jumanne, 8 Julai

Mkanda wa cherehani umekatika. Sare sita za shule hazijaisha. Mtoto anaota jino na hataki kuliota peke yake.

Baba mtoto karudi kutoka kiwanda cha mikate na unga kwenye nyusi. Nimemweleza habari ya kitambulisho. Akauliza siku za mazoezi mtoto atabaki na nani. Nikasema na baba yake. Akainuka kwenda kunawa uso. Alinawa muda mrefu.

Nimepata njia. Zahanati tunayopimia watoto iko ghorofani. Veranda yake inatazama uwanja mzima. Dunia nzima imefungiwa geti, mimi nimefunguliwa veranda.

Jumatano, 9 Julai

Siku yetu ya kliniki ni wiki ijayo. Nimemwambia nesi mtoto hali vizuri. Wakati naongea, mtoto alikuwa anatafuna kamba ya mizani. Nesi akaandika kilo tisa. Akasema mtoto huyu akila zaidi ya hapo itabidi mimi nibebwe na yeye. Nikaomba kukaa verandani kidogo, apate hewa.

Nimeona yote. Nimekaa kama saa nzima, sikuona mpira hata mmoja. Wanakimbia, wanalala kifudifudi, wanainuka, wanakimbia. Kocha ni mtu mfupi mwenye filimbi, hasemi sana. Kwanza nikadhani mipira imesahaulika.

Halafu ikaja mapumziko. Zikaletwa chupa za maji. Wakachukua, wakasukutua, wakatema. Wote! Hakuna aliyemeza. Karibu amelala chali, mkono juu ya tumbo, kama mtu anayelibembeleza.

Hapo ndipo nilipoelewa ubao. Kocha amewafungisha. Hawali, hawanywi. Wanajenga roho ya uvumilivu kwa njaa. Kinyozi na mabao yake! Mpira wenyewe haupo, watafunga na nini?

Nimerudi nyumbani na siri moyoni kama yai la moto mdomoni. Nimemlisha mtoto mara mbili. Nilikuwa nawafikiria watoto wa wenzangu.

Alhamisi, 10 Julai

Kabla ya kura nimerudi zahanati kuhakikisha. Nesi akapima. Kilo tisa. Akasema jana pia zilikuwa tisa, na angependa kujua natarajia ngapi. Nikasema mama hachoki kutumaini. Verandani mambo ni yale yale. Wanasukutua, wanatema.

Jioni kwa kinyozi. Tulikuwa kumi na wanane, mabenchi mawili. Mama Pacha kaanza, kajifunga kitambaa cha rangi ya timu kichwani. Akasema shemeji yake dobi kamwambia hakuna siri yoyote, wamefunga geti tu, kocha hapendi kutazamwa. Watu wakavunjika moyo. Nani anataka habari ya geti?

Nikasimama. Nikaeleza maji, mate, tumbo la Karibu. Mashine ya kinyozi ikazimwa. Mama Pacha akasema, mwenzangu, na wewe usingizi unakupungukia siku hizi. Nikamuuliza kwa heshima kama dobi amewahi kuona tumbo la mchezaji au huwa anaona jezi yake tu. Wakacheka. Mzee mmoja wa tawi akasema timu yenye njaa ndiyo inayokula wenzake. Kinyozi mwenyewe akakiri kwamba hilo la mabao alilikisia.

Kura kumi na moja kwa saba.

Kitambulisho kina kamba ya buluu. Nimelala nacho.

Ijumaa, 11 Julai

Cheo ni wajibu. Kesho kuna mechi na namba tisa wetu hajala tangu Jumatatu. Nimechemsha mayai kumi na mawili.

Wachezaji huingilia mlango wa nyuma, ule wa upande wa bomba la maji. Nikamngoja Karibu hapo, mtoto mgongoni, mayai kwenye bakuli. Ni kijana mpole, mama yake anauza mkaa barabara ya pili. Nikamwambia kaka yangu, kula. Akasema ahsante dada, nimeshakunywa chai na mkate nyumbani.

Ndivyo wanavyosema wote walioonywa.

Nikamwambia siondoki mpaka ale. Akasema mazoezi yanaanza sasa hivi, watakimbia mizunguko ishirini. Nikasema ndiyo maana. Akatazama huku na huku. Nikamkazia lile jicho ninalomkazia mtoto akikataa kijiko. Halikatai mtu jicho hilo. Amekula mayai saba. La nane nilimmenyea mwenyewe, akalimeza kwa machozi. Shukrani hizo.

Kisha nikaingia kwa mlango mkubwa, kitambulisho shingoni. Mlinzi kasoma jina langu mara tatu, ikabidi afungue. Nikakaa kivulini. Peke yangu, jukwaa zima! Mzunguko wa kwanza Karibu alikuwa mbele. Wa tatu alikuwa katikati. Wa tano alitoka nje ya mstari, akashika bendera ya kona, akayatoa yote. Kocha akaenda akasimama karibu yake, akatazama chini muda mrefu, kama anayehesabu. Akaandika kitu kwenye daftari.

Nadhani kaona uharibifu wa njaa kwa macho yake. Imemwingia.

Jumamosi, 12 Julai

Tumefungwa moja bila. Karibu alikaa benchi, amejifunika taulo. Hata karibu afunge hatukupata.

Baada ya mechi tukaingizwa ukumbi wa klabu. Viti vya plastiki, wajumbe mbele, tawi langu lote nyuma. Baba mtoto alikataa kushika mtoto, kasema ana zamu, kwa hiyo mjumbe alikuwa na mtoto begani na doa la maziwa kifuani. Si kitu. Kitambulisho kilifunika nusu.

Zamu yangu ikafika. Swali nililiandaa tangu juzi, nililisema bila kutetemeka.

"Mwalimu, mtu mwenye njaa atafungaje?"

Kocha kajifunza lugha yetu ukubwani, anaisema taratibu kama anayevuka mto kwa mawe. Akaomba nirudie. Nikarudia, nikaongeza habari ya ubao, ya maji na mate. Akafikiri. Akamuuliza jambo msaidizi wake. Halafu akanigeukia kwa adabu kabisa.

"Mama, tulifunga geti."

Ukumbi ulichukua muda kutulia. Akaeleza kwamba maji mengi katikati ya mbio ni mzigo tumboni, hivyo wanasukutua na kunywa baadaye. Na kwamba wachezaji wanakula vizuri. Mmoja anakula vizuri mno, alikuja mazoezini ana mayai manane tumboni. Kama kuna anayejua habari za mayai hayo angependa kusikia, kwa sababu mchezaji mwenyewe kakataa kumtaja mtu.

Nikaona kofia ya mtoto imekaa upande. Nikaiweka sawa. Ilihitaji muda.

Mama Pacha alicheka kwa mabega tu, bila sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nje ya ukumbi kinyozi kaninyoshea mkono. Nikadhani ananipa pole, kumbe anataka kitambulisho. Kura ya marudio Jumanne.

Jumatatu, 14 Julai

Nimelala vizuri, mtoto pia. Jino limetoka. Akili imetulia, naona mambo wazi.

Kosa langu lilikuwa umbali. Verandani unaona, husikii. Habari ya kweli ni ile iliyotoka mdomoni mwa mtu.

Na leo nimeipata. Nilipita kwa kinyozi kuomba jina langu lisifutwe kwenye kura ya kesho. Nikamkuta kanyong'onyea. Akaniambia, kwa masharti nisimwambie mtu, kwamba jana alimnyoa kocha. Kocha akiwa na povu kidevuni akapigiwa simu, na kinyozi kasikia kwa masikio yake mwenyewe: namba tisa tutamwacha.

Kinyozi anasema ndiyo hivyo, kijana wa watu ameachwa, kazi hana. Nikamwonea huruma kinyozi. Mtu mzima na shule yote ile aliyosoma. Kuacha! Mimi nikisema cherehani nimekiacha mezani, kimekwenda wapi? Kipo mezani. Maana yake kocha wengine atawahamisha, atawabadilisha, lakini namba tisa anamwacha. Pale pale alipo. Mbele.

Sikubishana naye. Nimejifunza kunyamaza. Kesho habari hii nitaitoa mimi, mbele ya mabenchi yote mawili, na tuone Mama Pacha ataleta nini kutoka kwenye ndoo ya dobi.

Ila mzazi wa Karibu hawezi kungoja mpaka kesho. Huyo nilimwendea moja kwa moja, barabara ya pili, nikamkuta anapanga makopo ya mkaa. Aliniambia hajalala tangu Ijumaa, mwanawe harudi na maneno, anarudi na taulo tu. Nikamshika mikono, na weusi wake wote. Nikamwambia, mama, tulia, neno hili nimelitoa kwa mtu aliyemsikia kocha mwenyewe. Mwanao ameachwa.

Mama wa watu akakaa chini, pale pale juu ya gunia, akalia mpaka wateja wakasimama.

Furaha nayo ina machozi yake. Nimemwachia mtoto ambembeleze kidogo, nikampangia makopo yaliyobaki.