Ombi la Kurudishiwa Uzimwi Wangu

Kwa Mwalimu Odera,
Mlezi wa Chama cha Maigizo.

Mwalimu mpendwa,

Kuanzia Ziwani hadi Majengo hakuna kijana anayetisha jukwaani kama mimi. Hata mbwa wa mtaa hunipisha njia. Kwa hivyo kunifukuza kwenye mchezo wa yule daktari aliyeshona mtu kwa vipande vya maiti, kisha akamkimbia, ni kujiumiza wewe mwenyewe. Nalalamika hivi:

1. Uliponichagua niwe zimwi, ulisema sura yangu haihitaji kupakwa masizi. Kavinya wa darasa letu alicheka mpaka akaanguka chini ya dawati. Nikamwinua, maana mimi ni muungwana.

2. Juzi mazoezini nilipomtandika daktari ngumi, ulitangaza mbele ya wote ati nimezaliwa hivyo. Si ni wewe uliyetokwa jasho darasani ukitufundisha kwamba zimwi halikuzaliwa baya, liliharibiwa na kukosa malezi? Ama hiyo ilikuwa ya mtihani tu, Mwalimu?

3. Baba yangu ni mchongaji. Twiga akimtokea na shingo fupi, hamtoroki. Humpiga msasa, akamwita punda milia, na mzungu akamnunua akishukuru. Daktari wako alitazama sura tu, huyo, mbio!

4. Basi ngumi ile ni ya malezi. Na muhula huu nani amenilea? Wewe! Zimwi, futa ubao. Zimwi, beba viti. Anayestahili kufukuzwa ni mlezi, mimi nirudi jukwaani. Ukitaka kuniomba msamaha, paredi ya Jumatatu itafaa.

Wasalimie walimu wote, na mpishi pia, ingawa uji wake anaujua mwenyewe.

Wako mtiifu, kwa kadiri nilivyolelewa,
Mutunga.

N.B. Anayekuletea barua hii ni daktari mwenyewe, pacha wangu Mumo. Tumelelewa chumba kimoja, godoro moja, sahani moja, na yeye hajawahi kumpiga mtu hata konzi. Najua hapo hoja yangu yote imekufa. Ni kwamba aliponikimbia hakugeuka hata kidogo, ukumbi ukampigia makofi, nami nikasahau kuwa tunaigiza, nikamfuata na ngumi. Tangu siku hiyo analala akiangalia ukuta. Uzimwi mpe mwingine ukipenda. Bahasha sijaifunga, ili aisome barua njiani.