Kilomita 212 za Fungate

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya arobaini na tano ya ndoa. Laazizi kanitilia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai, kasahau natumia kimoja. Nimeinywa yote. Kama haya si mapenzi, sijui ni nini.

Ofisini, barua. Mkaguzi wa ruzuku ya usafiri anakuja Ijumaa. Ruzuku ndiyo inayoendesha gari la chama chetu, lile la kupeleka wagonjwa kliniki. Mimi ni karani wa daftari la safari. Laazizi ndiye dereva. Kilomita za daftari zisipolingana na za gari, gari linachukuliwa. Laazizi bila usukani! Sitaki hata kufikiria.

Nimechungulia dashibodi. Gari limetembea kilomita 212 zaidi ya zilizo kwenye daftari langu.

Nazijua. Ni fungate yetu. Jumamosi kwenda kwenye maporomoko, Jumapili kurudi, mkono wake mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye wangu. Sijutii hata mita moja.

Ningemuuliza mhasibu, lakini hatusemeshani tangu alipokata kwa wino mioyo niliyochora pembeni mwa ukurasa wa Januari. Bi Kalamu Nyekundu, ndivyo tunavyomwita. Laazizi naye sitamwambia. Matairi ya nyuma yamekwisha, ana mawazo ya kutosha.

Jumanne, 4 Machi

Dawa imepatikana. Kwenda kliniki na kurudi ni kilomita 26. Mara nane, 208. Nne zilizobaki: kutafuta pa kugeuzia gari. Hesabu nilipata alama nzuri shuleni, walimu walikuwa hawaamini tu.

Nimemzaa abiria: Bibi wa Goti, mjane, goti sugu. Nimemwingiza safari nane kwenye mistari iliyokuwa wazi ya Jumamosi na Jumapili ile. Abiria asiyejua kuandika huweka alama ya dole gumba, basi nimemwazima langu, mara nane, kwa wino wa mhuri.

Wino hautoki. Nimesugua kwa sabuni, ndimu na majivu. Laazizi kauliza kidole kimefanya nini. Nikamwambia kazi. Akakibusu. Midomo yake ikawa ya zambarau hadi jioni, na wala hakulalamika.

Jumatano, 5 Machi

Bi Kalamu Nyekundu kapitia daftari bila kuombwa. Akasema, kwa sauti ya kusikiwa na ofisi nzima, kwamba goti la huyo bibi lazima lina magurudumu, kwenda kliniki mara nane kwa siku mbili. Akauliza kama nina jambo la kumwambia. Nikamjibu ugonjwa hauna ratiba. Akauliza tena, polepole, kama nina hakika. Wivu tu. Hajawahi kupelekwa maporomoko na mtu.

Mchana simu kutoka kwa mkaguzi. Anataka kuonana na abiria mmoja aliyenufaika zaidi. Amepitia orodha tuliyomtumia. Amemchagua Bibi wa Goti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa mama mkwe. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza goti lipi na atapata nini. Nikasema la kulia, na kitambaa cha gauni. Akasema, "Mkaza mwanangu, juzi tu nimepandisha gunia la mkaa ghorofa ya pili, nani ataniamini?" Nikamwambia mapenzi yataamini. Akasema basi viwe vitambaa viwili.

Tumefanya mazoezi ukumbini. Anachechemea vizuri kuliko mgonjwa wa kweli. Nimelala nikitabasamu.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike upesi kabla sijabadilisha mambo kichwani.

Mkaguzi ni mtu mwembamba, mpole, mwenye rula yake mwenyewe. Mama mkwe kaingia akichechemea mguu wa kulia, kakaa, kasimama, akachechemea wa kushoto. Mkaguzi akauliza goti lipi. Mama akasema linahama.

Hapo Laazizi akaingia na funguo mkononi. Akashtuka. "Mama! Umeanguka wapi?"

Mkaguzi akatazama dole langu, akatazama daftari.

Bi Kalamu Nyekundu akafungua droo, akatoa daftari jembamba ambalo sikuwahi kuliona. Safari zisizo za mradi. Mstari mmoja tu: kilomita 212, ruhusa ya mwenyekiti, mafuta kalipa dereva mwenyewe, risiti imebandikwa. Kwenye safu ya sababu, mwandiko wa Laazizi: "Kumwonyesha mke wangu maji yanayoanguka."

Nililia. Mstari mzuri kama ule haujaandikwa kwenye hati yoyote ya serikali.

Mkaguzi akasema miaka kumi na moja ameona watu wakificha kilomita zilizopotea. Hajaona mtu akificha zilizokwisha kuandikwa. Bila safari zangu nane, vitabu vilikuwa safi. Gari litabaki. Mimi nimekata mistari nane kwa mkono wangu, sahihi kila mstari, na nimepewa onyo la maandishi. Daftari nimeachiwa, ila mhasibu atalipitia kila Ijumaa.

Jioni Laazizi alinifungulia mlango wa nyumba. Kisha akauliza kwa nini sikumuuliza. Kwa upole. Heri angefoka.

Mama mkwe anadai vitambaa vyake. Kasema yeye kazi aliifanya.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya hamsini na moja. Nimesamehewa, chai ina vijiko vitatu. Laazizi kasema mwakani tutarudi maporomoko, na tayari kamwomba mwenyekiti ruhusa, kwenye daftari lile jembamba. Masikini, anavyohangaika na makaratasi.

Wala hahitaji. Safari hii sitashikwa bila maandalizi. Kuanzia kesho kila safari ya kliniki nitaiandika kilomita 27. Moja ya ziada, ndogo, haina kelele, hata Bi Kalamu Nyekundu haitamsumbua. Zikifika safari 212, fungate ya pili itakuwa imeshaingia daftarini yote kabla hatujawasha gari.

Sijamwambia. Nataka ashangae.