Hotuba ya Kuzindua Kengele za Wodi ya Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, Mheshimiwa Mwakilishi wa Makamu Mwenyekiti ambaye amekuja pamoja naye, Daktari Mfawidhi, wakuu wa vitengo na wakuu wa vitengo vinavyotarajiwa kuundwa, wauguzi, wakunga, wagonjwa mnaotembea na ninyi mliosukumwa: itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajue amesahauliwa kwa heshima zote. (Makofi ya mtu mmoja.)

Mimi, Mkurugenzi wa Mawasiliano, nimesimama hapa kuzindua Sistimu Jumuishi ya Komunikesheni Mtambuka Baina ya Kitanda na Muuguzi, ambayo watu wenye upeo mfupi wanaiita kengele. (Kicheko.) Kabla yake tumekaa vikao thelathini na vinane, na utafiti wetu umebaini kwamba asilimia tisini na sita ya wauguzi wanawasiliana vizuri, na wale asilimia nne waliobaki hawakujibu dodoso, nasi tukaona busara kuwahesabu kuwa wamewasiliana kwa kunyamaza.

(Kijiko kinagonga chuma cha kitanda huko wodini, mara tatu, kwa nguvu. Muuguzi mmoja anachomoka mbio.)

Wewe dada! Keti, mgeni rasmi anaongea! Haya, ameshatoka. Mmemwona? Huyo ndiye mnayemwita Mama Rudia, na kwa kuwa amejitaja mwenyewe kwa miguu yake, acha niwasimulie, maana ndiye mfano hai wa prosija, yaani utaratibu, kuvunjwa.

Mwezi uliopita daktari wa zamu alipiga simu akaagiza bibi wa kitanda cha nne achomwe insulini. Muuguzi wa kawaida angesema "sawa, daktari" na kukata simu. Yeye akauliza, "Nimesikia sitini. Ni sitini, au sita?" Daktari akamjibu, "Nimeshasema!" Akamwambia, "Basi rudia, daktari. Sishiki sindano mpaka urudie." Msomi mzima akalazimika kuhesabu simuni, moja, mbili, tatu, mpaka sita, kama mtoto wa chekechea! (Kicheko kirefu.) Nikamwandikia barua ya onyo siku hiyohiyo, kwa kosa la kuhoji ngazi ya juu bila kupitia ngazi ya kati.

(Daktari wa zamu anasimama: "Mheshimiwa, simu yangu ilikuwa inakwaruza. Nilisema sita. Angechoma sitini, bibi tungemzika.")

Ahsante daktari, ila hoja hapa si nani angezikwa. Hoja ni ngazi.

(Bibi wa kitanda cha nne, kutoka kiti cha magurudumu: "Mwanangu, aliyekuwa azikwe ni mimi! Usinirukie kama dimbwi!")

Bibi, maswali yatapokelewa kwa fomu. (Mzomeo.) Fomu zitachapishwa. (Mzomeo unaongezeka.)

(Mama Rudia anarudi akihema, mikono imelowa: "Samahanini. Mzee wa kitanda cha tisa alipaliwa na dawa. Sasa anapumua vizuri." Makofi, vigelegele, watu wanasimama.)

Nashukuru kwa makofi hayo, ingawa sikuwa nimefika kwenye sehemu ya makofi. Na wewe dada, taarifa ya kupumua kwa mgonjwa ilipaswa kuletwa kwa maandishi, nakala tatu. Barua yako ya pili itakufikia kesho.

(Mkunga: "Na mimi niandikie, nami huwaambia madaktari warudie!" Mfamasia: "Na mimi!" Daktari wa zamu: "Anza na yangu. Na ile ya kwanza ya dada huyu, ichane." Ukumbi mzima: "Tuandikie! Tuandikie!")

Jamani, jamani! Karatasi hazitoshi kuwaonya wote. Kwa mamlaka niliyopewa, barua zote zimesitishwa kwa uhaba wa karatasi, ikiwemo ile ya kwanza, na uamuzi huu wa kishujaa ni wangu mwenyewe. (Vigelegele. Bibi anamvuta Mama Rudia mkono na kumbusu kiganjani. Kipaza sauti kinakatika.)

Nasema, ifikapo robo ya nne ya awamu ya pili, kila mgonjwa atasikika kabla hajaita! Mawasiliano bora!

(Ukumbi: "Hatusikii!")

Afya bora!

(Ukumbi: "Hatusikii!")

Ahsanteni kwa mwitikio huo mzito. Kwa kumalizia, namshukuru mpigapicha, ambaye ameshapata picha zote za ufunguzi, na namshukuru kwa moyo wote mwenye duka la vifaa vya umeme, aliyetuazima vile vitufe vya kengele ishirini na vinne mlivyoviona wodini vimebandikwa juu ya vitanda. Wauguzi, wasihini wagonjwa wasivibonyeze, maana havina waya na gundi bado mbichi, na gari la kuvirudisha dukani linafika saa kumi.