Sanduku Lisilopumua

Profesa hakuwa profesa wa chochote, ila ulimi wake ulikuwa na shahada tatu. Aliposikia kwamba mkunga mstaafu, aliyezalisha nusu ya mji, anatafuta seva ya nyumbani ya kuhifadhia picha za watoto wake wote hao, tena iwe kimya kwa kuwa itakaa chumbani anakolala, alichukua begi lake akaenda kupiga hodi.

Begini mlikuwa na masanduku mawili meusi, kulwa na doto. La kwanza lilikuwa seva ya kweli, aliyoiunda kwa mikono yake na, Mungu amsamehe, aliipenda kuliko ndugu zake. Hiyo ilikuwa ya kuonyesha tu, na bila hiyo hana kazi mjini. La pili lilikuwa na tofali na kitaa cha kijani. Hilo ndilo la kuuza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uso huo naujua."

"Wengi husema hivyo."

"Haya, nieleze. Mimi najua matumbo tu."

"Prosesa ndogo, haili umeme. Feni pana, inazunguka polepole, haipigi kelele. Diski mbili, moja ikifa nyingine ina nakala. Na chini yake raba, sanduku lisitetemeke."

Yote yalikuwa kweli. Tapeli hodari ni bahili wa uongo, hautumii ovyo.

Picha zikahamishiwa humo, zikatokea kwenye televisheni. Mkunga akatoa pembe yake ya mbao ya kusikilizia mimba, akaiweka juu ya sanduku, akatega sikio.

"Linapumua kwa mbali," alisema, akaingia chumbani kutafuta bahasha ya malipo.

Kufumba na kufumbua, kulwa akaingia begini na doto akakaa mezani, kitaa kikiwaka. Mkunga aliporudi aliweka tena pembe. Safari hii alisikiliza kwa muda mrefu.

"Sasa limetulia kabisa."

"Ndiyo ubora wake, mama. Limeshazoea nyumba."

"Haya. Kanawe mikono kwanza, una vumbi."

Mwenye haraka hutiliwa shaka, kwa hiyo Profesa akaenda. Bomba lilitoa maji tone kwa tone. Aliporudi alikuta begi limefungwa na bahasha nene iko juu yake. Hakuifungua, kwa sababu muungwana hahesabu mbele ya mteja, na matapeli nao wana uungwana wao.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa wakili mmoja tajiri ambaye yeye Profesa alikuwa akimnyemelea tangu mwezi uliopita. Akachomeka sanduku la kuonyesha. Kitaa cha kijani kikawaka.

"Kimya kweli," wakili alisema. "Picha ulizoahidi kunionyesha ziko wapi?"

Profesa akalaza sikio juu ya sanduku. Halikupumua; hakukusikika feni wala diski, ndani mlikuwa na tofali tu. Angalau kuna bahasha, alijifariji, akaichana pembeni. Ndani mlikuwa na magazeti yaliyokunjwa na picha moja ya kitoto kichanga, imeandikwa nyuma kwa kalamu:

"Huyu ni wewe. Ulizaliwa kimya hivihivi. Nilikuchapa makofi mawili ndipo ukalia. Ukitaka la tatu, kwangu unapajua."

"Nauliza picha," wakili alirudia.

Profesa akaitazama ile aliyoshika. Hakuwa na nyingine ya kumwonyesha.