Stika ya Damari

Jumatatu, 2 Juni
Baridi ya mtaa wetu wa Ilomba imeniingia mpaka kwenye meno. Grupu letu la WhatsApp la kuzikana limemchagua tena Ambokile kuwa admini. Fundi baiskeli! Mimi niliyebuni jina la grupu nimepewa kazi ya kukumbushia maturubai. Sawa. Ikionekana hawezi kuzuia matusi, watamtoa.

Jumanne, 3 Juni
Nina picha ya jirani yetu Damari akila msibani, mdomo umejaa makande. Nimeigeuza stika, nikaiandikia "Kilio Kitamu". Nimeituma kwenye grupu kwa laini yangu ya pili, ambayo hawajui ni yangu. Wamecheka asubuhi nzima. Kisha nikaingia na laini yangu halisi, nikalaani vikali. Nimesema kudhalilishana mtandaoni ni dhambi, na kisheria ni kosa. Nimeguswa na maneno yangu mwenyewe.

Alhamisi, 5 Juni
Damari amejitoa kwenye grupu. Mke wangu, Tumpe, anasema sokoni wanamwita Kilio Kitamu, ameacha hata kuuza ndizi. Inasikitisha. Ambokile kavuliwa uadmini, nimewekwa mimi. Sheria yangu ya kwanza: marufuku kudhihakiana. Ya pili: aliyejitoa, msiba wake hautangazwi. Sheria ni msumeno.

Jumapili, 8 Juni
Mama yake Damari amefariki. Tumpe kaniomba nitangaze. Nikamkumbusha sheria ya pili. Akauliza nani aliitunga.

Jumatatu, 9 Juni
Tumpe kaondoka bila kunipikia chai. Nikamfuata msibani. Turubai hakuna. Wanawake wachache wanapuliza kuni mbichi. Makaburini nikamkuta Ambokile anachimba na wajomba wawili wazee, hakuna mwingine. Nikampiga picha, ya kumbukumbu tu.

Damari alinishika mikono yote miwili. Akasema ahsante, baba, kwenye grupu zima ni wewe peke yako uliyenitetea. Akasema mama yake aliniombea kabla ya kufa. Nikachukua koleo, nikachimba huku nalia, na nililia kweli. Nimeapa kuivunja ile laini.

Jumatano, 11 Juni
Habari za kaburi zimeenea. Wote wanamsifu Ambokile, wanataka arudishiwe uadmini. Na mimi je, sikuchimba?

Kwenye ile picha Ambokile yuko ndani ya shimo, ulimi nje kwa uchovu. Nimeshaiandikia maneno. Laini ya pili bado ina bando. Nikishanywa chai, nitalaani vikali.